Wezi Watatu na Kito cha Saa Sita

Nianze na jua, maana sisi wote tuliohusika na wizi huu tukiulizwa tutakana, na jua peke yake ndilo lililoona mwanzo mpaka mwisho. Lilikuwa juu ya utosi wa mji wetu, saa sita kamili ya mchana, na lilikuwa hapo tangu... Tangu lini? Hapa lugha inanigomea. Siwezi kusema tangu jana, kwa sababu ili jana iwe jana lazima usiku upite katikati, na usiku haukupita. Siwezi kusema miaka. Najua tu kwamba nimekula chakula cha mchana mara nyingi hata nimesahau ladha ya chai ya asubuhi. Nimenyoa ndevu, zikaota, nikanyoa tena. Mtoto wa jirani aliyekuwa akitambaa sasa ananijibu jeuri. Na bado ni leo, leo ile ile niliyotakiwa kuoa.

Naitwa Mbaruku, fundi wa kufuli. Mchumba wangu ni Rukia, na Rukia alisema ndoa ifungwe jioni. Basi mikeka ikatandikwa, pilau ikapikwa, wageni wakajaa barazani kwao wakangoja. Pilau ya kwanza ililiwa, ikapikwa ya pili, ya tatu, mpaka wapishi wakaanza kugombana juu ya iliki. Sheikh akasinzia, akaamka, akauliza kama bado. Bado. Nilimwendea Rukia, nikasimama nje ya pazia la chumba chake nikamwambia, "Rukia, tuoane hivi hivi mchana. Sheikh yupo, mashahidi wapo, na wamechoka."

"Nilisema jioni, Mbaruku."

"Lakini jioni haiji."

"Isipokuja hatuoani."

Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningejua la kufanya, ningembembeleza. Alisema kwa utulivu, kama mtu anayekutajia njia ya kwenda sokoni, nami nikarudi barazani nikala pilau ya nne bila kuisikia ladha.

Sasa nieleze jioni ilikwenda wapi. Asubuhi ya leo, na nakumbuka kulikuwa na asubuhi kwa kuwa nilioga maji ya baridi, Mtukufu anayetutawala alipanda jukwaani katika uwanja mkuu. Akaahidi. Mtu huyu ana mdomo mtamu, sitamdhulumu kwa hilo. Aliyekuwa na mtoto gerezani akaahidiwa mtoto. Aliyenyang'anywa shamba akaahidiwa shamba. Wenye kiu wakaahidiwa bomba, na bomba lenyewe likaahidiwa maji. "Ikifika jioni," alisema, "kila mmoja wenu atakuwa amepata haki yake." Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Kisha akapanda kilimani, akaingia katika nyumba yake yenye milango saba, akatoa kito ambacho hakuna aliyewahi kukiona, akakiinua kwenye kidirisha cha paa. Jua likakiona. Likasimama kukitazama. Ndiyo habari yote, sina nyingine.

Angalieni basi ujanja wake. Mtukufu hakuvunja ahadi hata moja! Kama ungemshtaki, kadhi angekuuliza, "Jioni imefika?" nawe ungenyamaza. Mwongo wa kawaida huikimbia saa yake. Huyu ameizuia saa isimfikie. Na swali lililonikaa kichwani, nikilala na mikono usoni kuzuia mwanga, ni hili: nani mwenye mchana? Shamba lina mwenyewe, mbuzi ana mwenyewe, hata wimbo una aliyeutunga. Lakini saa sita? Ukiniambia ni yangu kama ilivyo yako, mbona siwezi kutoka ndani yake? Asiyeweza kutoka chumbani hawezi kusema chumba ni chake. Mtu huyo ni mfungwa, au ni mgonjwa, au ni bwana harusi.

Siku hizi... samahani. Siku hii, giza pekee lililobaki mjini limo ndani ya nyumba ya sinema, mkabala na soko. Wanaonyesha picha moja tu, ya zamani, isiyo na rangi, ya wezi wa vito wanaovaa makoti marefu na kofia na kusema kwa pembe ya mdomo. Kila mara wezi wanapokaribia kukishika kito mkanda unakatika, taa zinawaka, watu wanapiga miluzi, na picha inaanza upya. Hakuna anayejua wezi wale walipata au walikosa. Watu wengi huenda kule kulala, na kusema kweli mimi pia nilikwenda kulala, nikaamshwa na kiwiko cha mwanamke aliyekaa kulia kwangu.

"Wewe ndiye fundi Mbaruku? Unafungua kufuli zote?"

"Sijakutana na iliyonikataa, Bi."

Huyo alikuwa Bi Mize, mkuu wa wezi wa mji wetu, mama wa makamo mwenye sauti ya kuimbia maulidi. Lazima mjue kwamba hakuna watu walioumizwa na mchana ule kuliko wezi. Wizi unataka giza, na giza lilipoondoka wenye kazi yao walibaki wakikaa vibarazani wakikunjua na kukunja mikono. Bi Mize alikuwa mwizi wa heshima. Hakuwahi kuingia nyumba yenye mgonjwa wala yenye msiba, na akiiba kwa mtu hamsemi ubaya baadaye. Kushoto kwangu alikaa mwenzake, Vuai, bingwa wa kupanda mapaa, mwembamba, aliyeitazama picha ile mara nyingi mpaka midomo yake ilisema maneno pamoja na waigizaji.

"Tunakwenda kuiba kito," alinong'ona Bi Mize. "Kikishuka dirishani, jua litaendelea na safari yake. Wewe utaoa."

"Na wewe utapata nini?"

"Yangu nayajua mimi."

Vuai akainama mbele yangu. "Kuna jambo moja halijapangwa. Katika picha lazima mmoja awasaliti wenzake. Nani atasaliti?"

"Vuai, mwanangu, si lazima."

"Bi Mize, ni lazima. Bila hivyo haiwi kazi kamili. Basi mtaniruhusu nisaliti mimi?"

Tulimruhusu. Ningefanyaje, mtu ameomba kwa adabu. Lakini tulipokuwa tunatoka, macho yetu yakiumia kwa mwanga, Bi Mize alinishika mkono akaniambia neno ambalo mpaka leo (leo hii hii) linanichoma. "Lakini una hakika na bibi harusi? Mwanamke anayesema jioni katika mji usio na jioni, huenda ameshakujibu siku nyingi, ila wewe hujasikia." Nilicheka. Kicheko chenyewe kilinitoka vibaya.

Tulivaa makoti. Makoti mazito ya sufu, saa sita ya mchana, kwa sababu Vuai alikataa katakata kuiba bila koti. Tulipanda kilima tukitiririka jasho, na watu vibarazani wakatuita.

"Mnakwenda kuiba?"

"Ndiyo, jamani."

"Haya, mwende salama! Mkifanikiwa mtuamshe!"

Langoni askari alikuwa amelala. Katika mji wetu kila wakati ni baada ya chakula cha mchana, kwa hiyo askari wote wamelala, na hiyo ndiyo hitilafu pekee katika mpango wa Mtukufu. Vuai akakaa kando yake, akakunja miguu. Alitaka kutusaliti, lakini ni vibaya kumwamsha mtu usingizini, kwa hiyo akangoja.

Milango saba. Nimeishi na kufuli maisha yangu yote, na ninaamini kufuli haipendi kufungwa. Kila kufuli ina hamu ndogo ndani yake, na kazi ya fundi ni kuipapasa ile hamu mpaka iseme ndiyo. Mlango wa kwanza ulisema ndiyo. Wa pili. Wa tatu ulilia kidogo. Kati ya mlango na mlango kulikuwa na ukumbi uliojaa saa za ukutani, zote saa sita, zote zikitikisa mishale yake pale pale kama mtu anayetaka kupiga chafya. Na katika ukumbi wa tano nilimwona mtu mbele yangu, ana koti, ana kofia, anatembea kwa mwendo wangu. Nikasimama. Akasimama. Nikajiuliza: mimi ni yule wa kwenye picha? Nimelala kule sinema, mkanda unazunguka, na Mbaruku wa kweli yuko barazani kwa Rukia, anakula pilau, ameshaoa, ana wajukuu? Mimi ni nani basi? Mwizi. Mwizi wa nini? Wa saa. Ya nani? Hapo Bi Mize akanisukuma mgongoni, akasema, "Acha kujitazama kwenye kioo, twende."

Wa sita ulisema ndiyo. Mlango wa saba haukuwa na kufuli.

Haukuwa hata na komeo. Ulikuwa umerudishwa tu, kama mlango wa nyumba yoyote ya mtaani kwetu mchana, na ndani kulisikika mtu akikohoa. Na hapo mikono yangu, iliyozoea chuma, haikupata cha kushika. Mlango wa kufuli nimefundishwa kuufungua. Mlango uliorudishwa nimefundishwa kitu kingine, tena nimefundishwa kwa fimbo, nikiwa mdogo sana. Mdomo ukafunguka wenyewe.

"Hodi!"

Bi Mize alinibana mkono mpaka nikaona nyota. "Umefanya nini?"

"Imenitoka, Bi Mize."

"Hodi! Kwenye wizi! Baba yangu kaiba miaka arubaini, sijasikia..."

"Karibu," ilisema sauti ndani. "Karibuni, pitieni."

Tulivua viatu, tukaingia. Mtukufu alikuwa amesimama juu ya stuli, chini ya kidirisha cha paa, amevaa fulana na kikoi. Ni mtu mdogo. Kule jukwaani alionekana mkubwa. Mkono wake wa kulia ulikuwa umenyooka juu, na katika kiganja kilikuwamo kito, ukubwa wa ndimu, na rangi yake sitaisema kwa sababu kila nikiisema nakuta nimetaja rangi ya kitu kingine.

"Mniwie radhi sikuinuka kuwapokea," alisema. "Nimeshasimama."

Tukakaa mkekani.

"Mmekuja kuniibia?"

"Tulikuja hivyo," alisema Bi Mize, akinitazama mimi. "Lakini huyu amebisha hodi."

"Lo." Mtukufu akafikiri. "Na mimi nimeitikia."

"Umeitikia."

Hakuna sheria iliyoandikwa, lakini hakuna pia mtu wa kwetu ambaye angehitaji kuisoma. Aliyebisha hodi akakaribishwa ni mgeni, na mgeni haibi. Wizi wetu ulikuwa umekufa mlangoni, nami ndiye niliyeuua. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Nilimfikiria Rukia nyuma ya pazia lake, na pilau ya tano, ya sita, ya mia.

Mtukufu alitumiminia kahawa kutoka birika lililokuwa kwenye rafu kando yake. "Mniwie radhi kwa mkono wa kushoto," alisema, uso umemshuka kweli. "Huu wa kulia ndiyo kama mnavyouona."

"Kwa nini hukupiga msumari ukakitundika?" nilimuuliza.

"Msumari! Kuna siku mtu atautikisa. Sikumwamini mtu yeyote, mwanangu. Wala msumari." Akacheka kidogo, na kicheko kikamtingisha mkono, na nje mwanga ukatetemeka. "Sijakaa kitako sijui tangu lini. Wananiita mwenye mchana. Mwenye mchana ndiye peke yake ambaye hawezi hata kulala mchana."

"Unaogopa nini?"

"Jioni. Niliahidi mengi mno siku ile."

"Ni leo," nilisema.

"Kweli, ni leo."

Nilimwonea huruma, na nikachukia kumwonea huruma. Mtu amenizuilia mke, naye ananimiminia kahawa nzuri yenye tangawizi! Nikamwambia yangu yote: ndoa, sheikh, wapishi. Akasikiliza, akauliza, "Mbona huoi mchana?"

"Mwenyewe hataki."

Akalipima lile jibu. "Labda hakutaki," alisema kwa upole.

Hayo ndiyo yaliyonivunja. Mara ya pili kuyasikia, tena kwa mtu asiyemjua Rukia. Nikanyanyuka. Sikuwa na hila yoyote moyoni, nawaapia. Nilitaka tu kwenda nyumbani, nivue koti, nilale kifudifudi. "Tunaomba ruhusa, Mtukufu."

"Mapema hivi? Kahawa ipo."

"Imetosha, ahsante sana."

"Haya, karibuni tena. Mnikumbuke."

Nilifika mlangoni nikagundua Bi Mize hanifuati. Alikuwa amesimama katikati ya chumba, anajifunga buibui lake taratibu juu ya koti, anajifungua, anajifunga tena.

"Hutusindikizi?" aliuliza.

Mtukufu akautazama mkono wake. "Mkono huu, Bi Mize..."

"Tunauona. Wala si neno. Tutajiendea wenyewe. Tukiulizwa tutasema Mtukufu alitukaribisha vizuri, katupa kahawa, kisha tukatafuta mlango peke yetu kama paka."

"Kama paka!"

"Tutasemaje, na ndivyo ilivyo?"

Nikaona uso wa yule mtu ukihangaika. Alikuwa ameweza kuudanganya mji mzima bila jasho. Lakini kumwachia mgeni ajitoe mwenyewe ndani ya nyumba yake, hilo hakulelewa nalo. "Mama yangu angesikia haya angenikana," alisema. Kisha, polepole sana, akakunja kiwiko. Mifupa ikalia. Akakiweka kito kwenye kisahani, kati ya vikombe vya kahawa, akashuka kwenye stuli. "Hatua tatu tu. Mpaka mlangoni."

Nani asiyejua hatua tatu za kumsindikiza mgeni? Mazungumzo ya kweli huanzia mlangoni. Bi Mize alimuuliza habari za magoti. Mtukufu hakuwa ameulizwa habari za magoti yake na binadamu yeyote tangu atawale. Tukapita mlango wa sita akieleza goti la kulia, wa nne akieleza la kushoto, na kwenye ukumbi wa pili Bi Mize akataja dawa ya mafuta ya nyonyo na wakasimama pale kujadiliana juu ya kipimo. Nyuma yetu, moja baada ya nyingine, saa za ukutani zilipiga chafya zikaanza kutembea. Mimi nilizisikia. Sikuthubutu kugeuka.

Langoni askari alikuwa ameamka, na Vuai anatimiza wajibu wake.

"Kuna wezi ndani, afande. Nawasaliti."

"Walibisha hodi?"

"Nimesikia hodi, ndiyo."

"Basi hao ni wageni," alisema askari, akapiga mwayo.

Ndipo Mtukufu alipoona. Kivuli chake kilikuwa kimetoka chini ya nyayo kikajilaza njiani mbele yake, na hakikuwa kirefu kuliko changu wala cha Vuai. Chini mjini watu walikuwa wamesimama vibarazani wakivitazama vivuli vyao, na mzee mmoja alikuwa akikipa chake nafasi kipite. Ukuta wa soko ulikuwa wa rangi ya chungwa. Muuza mkaa aliyekuwa akipita alisimama mbele yetu, akalitafuta neno mdomoni kama anayetafuta ufunguo mfukoni, akalipata.

"Masal... Masalkheri, jamani!"

"Nirudi," alisema Mtukufu.

"Rudi," Bi Mize alimjibu. "Kito kipo kwenye kisahani, hatukukigusa."

Akalitazama jua. Lilikuwa limeshavuka, linashuka kwa furaha upande wa pili wa kilima, halina habari naye. Hakurudi.

"Watakuja wote?" aliuliza.

"Wote. Na mimi wa kwanza. Mwanangu Sudi yumo gerezani kwako. Ulisema jioni." Sasa Bi Mize hakuwa anatania. "Funguo unazo?"

Mtukufu akapapasa kwenye pindo la kikoi. "Ninazo."

"Basi twende. Si tumeshaanza kusindikizana?"

Wakashuka pamoja njia ya gerezani, yeye akichechemea, Bi Mize amemshika kiwiko asianguke, Vuai na askari nyuma wakibishana kama ule ulikuwa usaliti au haukuwa.

Mimi nilikimbia. Nilikimbia nikiwa na koti, nikikanyaga kivuli changu, na kadiri nilivyokaribia nyumba ya Rukia ndivyo hofu ilivyonikamata. Jioni imekuja. Sasa hana tena cha kuniambia isipokuwa ndiyo au hapana. Laiti ningekuwa bado nangoja! Nilielewa kwa mara ya kwanza, nikiwa mbio, kwa nini mtu anaweza kusimama juu ya stuli maisha yake yote.

Nilimkuta njiani. Alikuwa anakuja mbio upande wangu, mkono mmoja umepakwa hina mbichi, ameunyoosha mbali usichafue nguo, wa pili bado haujapakwa. Wanawake wanamfuata wakipiga kelele kwamba bibi harusi hatoki nje.

"Unakwenda wapi?" nilimuuliza.

"Kukutafuta. Nimeona ukuta umebadilika rangi."

Nikashindwa kujizuia. "Rukia, kwa nini uliukataa mchana? Niambie kweli. Wamenambia hunitaki."

"Nani kasema?"

"Watu wawili. Na mimi wa tatu."

Akanitazama, jasho, koti, kofia. "Mchana ule ulikuwa wa Mtukufu, Mbaruku. Kula kwetu kwake, kulala kwetu kwake. Sikutaka kuolewa ndani ya siku ya mtu."

Falsafa yangu yote ya kulala na mikono usoni, naye alikuwa na jibu muda wote nyuma ya pazia. Nililia barabarani, mbele za wanawake, sisemi uongo.

"Haya, futa machozi tukimbie," alisema Rukia. "Jioni yenyewe fupi."